Ndugu Bernardino wa Sahagún: Mtawa Aliyeketi Miguuni pa Wazee wa Meksiko



Leo tunayatazama maisha ya mtu ambaye Kanisa halijamtangaza mwenyeheri wala mtakatifu, na ambaye kazi yake kubwa kuliko zote hakuiona ikichapishwa. Ndugu Bernardino wa Sahagún, Mfransiskani kutoka Hispania, aliishi Meksiko zaidi ya miaka 60 katika karne ya 16. Wataalamu wa tamaduni humhesabu miongoni mwa waanzilishi wa elimu yao. Sisi tunamkumbuka kwa jambo moja lililo karibu zaidi na maisha yetu ya imani: alitumwa kufundisha, akatambua kwamba hawezi kufundisha vema asipojifunza kwanza, akawaendea wazee wa taifa lililoshindwa vitani na kuwaomba wawe walimu wake.

Nchi aliyoikuta

Bernardino alizaliwa mnamo mwaka 1499 katika mji wa Sahagún, nchini Hispania. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Salamanca, na katika mji huohuo akajiunga na Shirika la Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1529, akiwa na umri wa miaka kama 30, alivuka bahari pamoja na kundi la ndugu wenzake kwenda nchi iliyoitwa wakati ule Hispania Mpya. Hakurudi tena kwao.

Nchi aliyoikuta ilikuwa ingali na majeraha mabichi. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu mji mkuu wa Waasteka, Tenochtitlan, uanguke tarehe 13 Agosti 1521 mbele ya Hernán Cortés na majeshi ya wenyeji walioungana naye. Kabla ya mji kuanguka, ndui ilikuwa imekwisha kuua watu wengi kuliko mikuki. Mwaka 1524 waliwasili Wafransiskani 12 wa kwanza, wakaanza kuhubiri na kubatiza umati mkubwa wa watu. Walijenga makanisa na shule. Walibomoa pia mahekalu ya kale, na vitabu vya picha ambamo wenyeji walitunza historia na kalenda yao vikatupwa motoni.

Hatuwezi kusimulia maisha ya Bernardino na kulificha jambo hilo, kwa maana naye alikuwa mtu wa nyakati zake. Mwaka 1539 mkuu mmoja wa mji wa Texcoco, Don Carlos, alishitakiwa kwa kuabudu miungu ya kale mbele ya Askofu Juan de Zumárraga, akahukumiwa na kuchomwa moto. Bernardino alikuwa mmoja wa watawa waliotumika kama wakalimani katika kesi hiyo. Aliamini kwa moyo wote kwamba miungu ya kale ilikuwa mashetani, na imani hiyo hakuiacha hadi kufa. Hata hivyo, mtu huyohuyo ndiye aliyeokoa kumbukumbu za watu wale kuliko mtu mwingine yeyote wa karne yake.

Chuo cha Tlatelolco

Tarehe 6 Januari 1536, sikukuu ya Epifania, Wafransiskani walifungua Chuo cha Msalaba Mtakatifu huko Tlatelolco, kando ya Tenochtitlan ya kale. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakuu wa wenyeji. Bernardino alikuwa miongoni mwa walimu wao wa Kilatini. Wahispania wengi walikicheka chuo hicho, wakidai kwamba watu wale hawana akili ya kushika sarufi. Baada ya miaka michache vijana wale waliandika na kujadiliana kwa Kilatini, na waliowacheka wakaanza kuogopa elimu yao.

Wapo waliotumaini kwamba kutoka chuoni humo watapatikana mapadre wazalendo. Tumaini hilo halikutimia. Mtaguso wa kwanza wa Meksiko, uliofanyika mwaka 1555, uliwafungia wenyeji mlango wa Daraja Takatifu. Hilo ni jeraha mojawapo katika historia ya Kanisa la nchi ile. Lakini vijana waliozuiwa kuwa mapadre walibaki na lugha tatu vichwani mwao, yaani Kinahuatl cha mama zao, Kihispania na Kilatini, na wakafanya kazi ambayo hakuna Mhispania angeweza kuifanya.

Mwaka 1552 palitoka chuoni hapo kitabu cha dawa za mitishamba, chenye michoro ya mimea kwa rangi. Mwenye maarifa alikuwa mganga mwenyeji, Martín de la Cruz. Aliyeyageuza maneno yake kuwa Kilatini alikuwa mwenyeji mwingine, Juan Badiano. Kitabu hicho kilipelekwa Ulaya na hatimaye kikatunzwa katika Maktaba ya Vatikano. Mwaka 1990 Mtakatifu Yohane Paulo II alikirudisha Meksiko, kwa watu waliokuwa wenye mali.

Tauni na swali la padre

Mwaka 1545 lilizuka gonjwa kubwa ambalo wenyeji waliliita kokolistli. Kwa hesabu yake mwenyewe, Bernardino alizika zaidi ya watu 10,000 hapo Tlatelolco, na mwisho naye akaugua hadi kukaribia kufa. Alipopona aliwaona wazee wachache waliobaki kwa jicho jipya. Kila mzee aliyekufa alikwenda kaburini na sala, dawa, sheria na hekima ambazo hazikuwa zimeandikwa popote.

Mnamo mwaka 1547 alianza kukusanya maneno ya wazee: mawaidha ya baba kwa mwanawe na ya mama kwa binti yake, hotuba za kumsimika mtawala, maneno ya mkunga kwa mtoto aliyezaliwa. Aliona ndani yake adabu na busara ambazo mhubiri yeyote angezitamani. Baadaye, watu walipodai kwamba maneno mazuri namna ile lazima yamebuniwa na mtawa, alijibu kwamba hakuna akili ya mtu mmoja iwezayo kuyabuni, na kwamba mwenyeji yeyote mwenye ufahamu angeyatambua kuwa ni ya wazee wake.

Alikuwa pia na swali la kichungaji. Aliona kwamba padre ni kama tabibu: tabibu asiyejua asili ya ugonjwa hawezi kuagiza dawa ifaayo, na padre asiyejua mila za watu hawezi kujua la kuuliza katika kitubio wala la kusahihisha katika mahubiri. Hapo ndipo ulipo utata wa maisha yake. Alitafuta kuijua dini ya kale ili aing'oe; lakini kwa kuwa aliitafuta kwa uaminifu, aliihifadhi.

Wazee wa Tepepulco

Mwaka 1558 Mkuu wa Provinsi, Francisco de Toral, alimwagiza aandike kwa Kinahuatl yote aliyoona yanafaa kwa ajili ya Ukristo wa wenyeji. Bernardino akaandaa orodha ya maswali, akaenda Tepepulco, mji mdogo kaskazini mashariki ya Meksiko. Alimwendea kwanza mkuu wa mji pamoja na wazee, akawaeleza anachokitaka, na kuwaomba wamchagulie watu wenye ujuzi. Wazee hawakujibu papo hapo. Walikwenda kushauriana, na siku iliyofuata wakamkabidhi watu kumi au kumi na wawili wa kuzungumza naye. Pamoja naye walikuwapo wanafunzi wake wanne wa zamani wa Tlatelolco, nao ni wenyeji.

Karibu miaka miwili waliketi pamoja. Wazee walijibu kwa njia yao ya kale, yaani kwa picha, na wanafunzi waliandika maelezo yake kwa herufi chini ya kila picha. Tuone uzito wa jambo hilo. Miaka michache nyuma, picha za namna ile zilitafutwa zichomwe; sasa mtawa aliomba zichorwe mbele yake.

Mwaka 1561 alihamia Tlatelolco, akawaomba wakuu wa huko wamteulie wazee wengine. Hao walisahihisha yote yaliyotoka Tepepulco, wakaongeza mengi. Mwaka 1565 alikwenda na maandiko yake katika konventi ya Mtakatifu Fransisko mjini Meksiko. Huko aliyapitia upya na kuyagawa katika vitabu 12, na wataalamu wenyeji wa mji huo nao wakasahihisha na kuongeza. Yeye mwenyewe alilinganisha mahali pale patatu na machekeche matatu: neno lililopita katika la kwanza lilichekechwa tena katika la pili na la tatu, ili pumba zibaki nyuma. Watafiti wa leo hutumia njia hiyo bado: kuuliza katika lugha ya wenyewe, kuwauliza wengi, na kuwarudishia walichosema ili wakisahihishe.

Jambo lingine lilikuwa adimu kwa nyakati zake. Bernardino aliwataja wasaidizi wake kwa majina: Antonio Valeriano wa Azcapotzalco, aliyemwita mwenye elimu kuliko wote, Alonso Vegerano na Pedro de San Buenaventura wa Cuauhtitlan, na Martín Jacobita wa Tlatelolco. Aliandika majina ya makarani walionakili kurasa. Alipoeleza magonjwa na dawa, aliorodhesha majina ya waganga wa Tlatelolco waliochunguza na kuthibitisha yaliyoandikwa. Kwa njia hiyo msomaji anajua maarifa haya ni ya nani.

Yaliyomo katika vitabu 12

Vitabu vya kwanza vinahusu miungu, sikukuu, ramli na ndege za mkosi. Cha sita kina yale maneno ya wazee, na mwishoni mwake methali na vitendawili. Sisi tuliolelewa kwa vitendawili tungejihisi nyumbani, kwani navyo vilikuwa na maneno yake maalumu ya kuanzia. Vingine vinaeleza jua, mwezi na nyota, watawala, wafanyabiashara na mafundi wa dhahabu na manyoya.

Kitabu cha kumi kinawapanga watu kwa kazi zao, na kwa kila kazi kinamweka mwema kando ya mbaya. Mganga mwema anajua majani, mizizi na mawe. Amezijaribu dawa zake, anaunga mifupa, anampa mgonjwa nafuu. Mganga mbaya ni mlaghai anayeua kwa dawa zake na kutegemea uchawi. Hata muuza nyanya sokoni ana maelezo yake, mwaminifu na mdanganyifu. Wazee wale hawakuhitaji mgeni awafundishe kwamba kazi ina maadili.

Kitabu cha kumi na moja ni hazina ya viumbe: wanyama, ndege, samaki, miti, mitishamba na mawe, pamoja na majina na matumizi yake. Humo yamo mahindi, pilipili, nyanya, maharagwe, kakao, na mimea ya jamii ya mkonge. Wakulima wa Afrika Mashariki wanaolima mazao hayo leo wanakula matunda ya ujuzi wa wakulima wa Meksiko wa kale, ingawa mara chache tunakumbuka kuwashukuru.

Kitabu cha kumi na mbili kinasimulia kuanguka kwa Tenochtitlan kama kulivyoonekana na walioshindwa. Kinaeleza ndui ilivyowafunika watu malengelenge mwili mzima, na askari wa Hispania walivyoishangilia dhahabu kwa uchu. Mtawa Mhispania aliwaachia walioshindwa wayaseme hayo kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1585 alikipitia upya kitabu hicho na kukilainisha kwa upande wa Wahispania. Lakini masimulizi ya awali yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Kunyang'anywa vitabu

Kazi ile ilimletea mateso kutoka kwa ndugu zake. Mwaka 1570 baadhi ya wakuu wa Shirika waliona kwamba kuwalipa makarani ni kinyume cha nadhiri ya ufukara. Wakaagiza kwamba, akitaka kuandika, aandike kwa mkono wake. Alikuwa na zaidi ya miaka 70, na mkono wake ulitetemeka kiasi kwamba hakuweza kuandika. Vitabu vikachukuliwa na kutawanywa katika konventi mbalimbali za Provinsi, na kazi ikalala kwa miaka kadhaa. Siku ya Noeli ya mwaka huohuo alituma muhtasari kwa Baba Mtakatifu Pius V. Muhtasari huo umetunzwa Vatikano hadi leo.

Mwaka 1575 aliwasili kiongozi mpya wa Shirika, Rodrigo de Sequera, aliyeipenda kazi ile na kuagiza itafsiriwe kwa Kihispania. Ndipo ikatengenezwa nakala kubwa yenye safu mbili katika kila ukurasa: Kinahuatl kuume, Kihispania kushoto, na picha zipatazo 2,500 zilizochorwa na wasanii wenyeji. Walikuwa kazini gonjwa kubwa lilipozuka tena mwaka 1576. Watu walikufa pande zote, chuo kilipoteza wanafunzi wengi, na Bernardino aliandika kwa hofu kwamba taifa lile lingeweza kutoweka kabisa. Katika kurasa za mwisho picha nyingi hazina rangi. Ni wino mtupu. Hata hivyo kitabu kilikamilika.

Tarehe 22 Aprili 1577 Mfalme Philip II wa Hispania alitoa amri kwamba maandiko yote ya Bernardino kuhusu mila za wenyeji yakusanywe na kupelekwa kwake, wala nakala isibaki. Sequera alisafiri na ile nakala kubwa mwaka 1580. Bernardino hakuiona tena. Kati ya maandiko yake yote ni kimoja tu kilichochapishwa akiwa hai, kitabu cha nyimbo za Kikristo kwa Kinahuatl, mwaka 1583. Alifariki dunia mjini Meksiko mwaka 1590, akiwa na umri wa miaka kama 90.

Ile nakala ilifika Italia na kutunzwa katika maktaba ya ukoo wa Medici mjini Florence, ambako ipo hadi sasa. Ina kurasa karibu 2,400. Kwa karne nyingi ilisahauliwa. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka kazi ya Bernardino katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na leo wajukuu wa wale wazee, maana Kinahuatl kingali kinazungumzwa na watu zaidi ya milioni moja, wanaweza kuisoma katika intaneti.

Mwalimu na mwanafunzi

Lipo jambo moja ambalo hatupendi kulipita. Mwaka 1576 Bernardino aliandika kwa mashaka juu ya umati wa wenyeji waliokwenda kilimani Tepeyac kumheshimu Mama Yetu wa Guadalupe. Alihofu kwamba chini ya jina la Bikira Maria walikuwa bado wanamwendea mungu-mama wa kale, Tonantzin. Hofu yake ilitoka katika ujuzi wake mwenyewe: alijua yaliyokuwa yamefichika kuliko mapadre wengine.

Lakini masimulizi mashuhuri ya Kinahuatl juu ya matokeo ya Tepeyac, wengi kwa mapokeo wanayahesabu kuwa ya Antonio Valeriano, mwanafunzi na msaidizi wake. Mwaka 2002 Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Juan Diego, mwenyeji wa nchi ile, kuwa mtakatifu. Pale ambapo mwalimu aliona hatari, watu wake waliona Mama aliyesema nao kwa lugha yao. Bernardino aliwasikiliza wazee kwa miaka mingi, na bado yalibaki mambo ambayo sikio lake halikuyapokea. Ni onyo kwa kila mtafiti na kwa kila mhubiri.

Somo kwa waamini wa leo

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya shughuli za kimisionari ya mwaka 1965, uliwataka wanaotumwa kwa taifa lolote wajifunze lugha, historia na desturi zake. Mataifa nayo yameanza kuweka sheria. Mwezi Mei 2024 mjini Geneva ulipitishwa mkataba wa kimataifa unaomtaka mwombaji wa hataza ataje jamii za asili ambazo maarifa yao ameyatumia katika uvumbuzi wake. Kuwataja walimu ndicho alichokifanya mtawa wa Tlatelolco miaka zaidi ya 400 kabla.

Katika parokia zetu wapo wazee wanaojua mti unaotuliza homa, sheria za kugawana maji, nyimbo za mavuno na maneno ya kupatanisha ndugu waliokosana. Wakati mwingine kijana mwenye daftari au mgeni mwenye kamera huja, akachukua na kuondoka, na mzee hasikii tena habari zake. Wakati mwingine sisi waamini ndio tunaoyadharau yote tukiyaita upagani, bila kuwa tumemuuliza mtu lolote. Makosa haya mawili yana shina moja, yaani kutomhesabu mzee kuwa mtu mwenye neno.

Imani yetu inatuagiza kuyapima mambo yote na kulishika lililo jema. Lakini hakuna awezaye kupima asichokijua. Basi vikundi vya vijana na wanafunzi wanaoandika mila za mahali petu waanze kwa kuomba ruhusa. Waulize katika lugha ya mzee mwenyewe, waandike jina lake akiridhia, wamsomee walichoandika ili asahihishe, na wamwachie nakala. Waharakishe pia, kwa kuwa msiba hautusubiri tumalize kuandika.

Tumwombe Mungu ampokee katika mwanga wake Ndugu Bernardino, pamoja na wazee wa Tepepulco na Tlatelolco waliomfundisha, na makarani na wachoraji waliokufa kwa tauni wakiwa na kalamu mikononi. Atujalie na sisi sikio la kusikiliza kabla ya kinywa cha kufundisha.